Ulishawahi kukuta deni lisilo lako, au ulilokwisha kulipa, kwenye ripoti ya mikopo? Wana Mtwara na Lindi tupeane uzoefu

Habari zenu ndugu zangu wa kusini. Naanzisha huu uzi maana mwezi wa tano niliumia sana na naamini siko peke yangu.

Mi niko Tandahimba, nina mikorosho. Nilienda benki kuomba milioni 3 za palizi, petroli ya pampu na vibarua wa kupulizia. Afisa mikopo, kijana mwenye adabu zake, akanigeuzia kioo cha kompyuta akasema mama hapa unasoma una mkopo chechefu, yaani mkopo uliocheleweshwa kulipwa. Miguu iliniisha nguvu. Mkopo wenyewe niliuchukua sehemu nyingine 2021 nikamaliza 2022, stakabadhi ya rejesho la mwisho ninayo mpaka leo, kumbe kulibaki 86,400 wanaita gharama, hakuna aliyenipigia wala kunitumia meseji, ikakaa pale inahesabiwa siku za kuchelewa tu. Na mkorosho haumsubiri mtu, ugonjwa wa ubwiriunga ukishaingia kwenye ua wewe bado unazunguka na bahasha umekwisha.

Nilipoteza wiki nzima kubishana na yule kijana, na yeye anasoma tu kilichoandikwa. Taarifa zinapelekwa na aliyekukopesha, zinaingia kwenye kanzidata ya Benki Kuu, alafu kampuni za Creditinfo na Dun & Bradstreet ndo wanatengeneza ripoti. Kwaiyo aliyepeleka kosa ndo wa kulirekebisha. Na kuiona ripoti yako na kupinga kilichokosewa ni haki yako, ipo kwenye kanuni za Benki Kuu za 2012. Karibuni mseme yenu.

Mdau, Nachingwea:
Pole sana dada. Mi mwalimu. Yangu ilikua makato, mshahara unakatwa kila mwezi lakini hela inafika kwa mkopeshaji imechelewa, kwenye ripoti naonekana mimi ndo sugu!! Nilikusanya salari slipu 14 nikazipanga mwezi kwa mwezi nikapiga mstari mwekundu kwenye kila kato, nikaongeza barua ya utumishi, nikapeleka kwa mkopeshaji na nakala nikagongewa muhuri wa kupokelewa. Huo muhuri jamani usiondoke bila huo, mara ya kwanza niliacha barua mapokezi ikapotea na hakuna aliyekubali kuipokea.

Mdau, Mikindani:
Mi ni bodaboda. Nilikuta mikopo miwili ya simu, midogo tu, namba siijui kabisa. Nikapiga *106# kuangalia laini zilizosajiliwa kwa NIDA yangu, ipo moja sijawahi kuishika mkononi. Nikakumbuka mwaka ule nasajili kwa mawakala wa mwamvuli yule dogo alinibonyezesha kidole mara tatu akisema mtandao unasumbua. Nikaenda polisi nikapata RB (namba ya taarifa niliyotoa polisi), nikaenda duka la mtandao laini ikafungwa, ndo nikaanza kupinga yale madeni. Moja limetoka, lingine bado nafatilia. Pigeni hiyo namba leo leo.

Mdau, Lindi mjini:
Wangu alikua mtu tuliyefanana majina yote matatu, na huku kwetu unajua majina yanavyorudiwa, na tarehe ya kuzaliwa wote 1 Januari kama wazee wengi walivyoandikiwa. Wakati ule wakopeshaji walimtambua kwa kadi ya mpiga kura. Kilichoniokoa ni namba ya NIDA na picha ya kwenye fomu ya mkopo, niliwaomba watoe faili lenyewe, wakalitoa, picha ni mtu mwingine kabisa. Msikubali kujibiwa kwa mdomo, ombeni faili.

Mdau, Masasi:
Niseme na upande wa pili. Mi nilipinga nikashindwa, maana nilimdhamini shemeji kwenye kikundi akahama na hakulipa. Lile deni ni la kweli, nilisaini. Nimelipa kidogo kidogo mpaka likaisha, sasa ripoti inaonyesha limelipwa ila historia ya kuchelewa bado inasomeka. Kabla hujapinga soma vizuri ulichosaini.

Mwenye uzi:
Asanteni mno, nimesoma kila mstari. Mrejesho wangu: nilirudi kwa yule mkopeshaji wa zamani na stakabadhi, wakakataa, nikaandika malalamiko rasmi nikawaambia nikikosa jibu la maandishi nakwenda Benki Kuu tawi la Mtwara. Baada ya hapo wakaangalia upya, wakakiri ile gharama haikua ya kwangu, wakanipa barua ya kumaliza deni. Ripoti mpya nimeichukua juzi iko safi. Palizi nilifanya nusu shamba kwa hela ya kuazima kwa dada yangu.

Kuna mtu wa Liwale ameniandikia pembeni, mkopeshaji wake alifunga ofisi na hajui barua ya kumaliza deni aipate wapi. Aliyepitia hilo amsaidie hapa.