Dybantsa kesho anatangaza: BYU, Kansas, North Carolina au Alabama?

MzeeWaPembeni (Mwanza), Jumatatu 9 Desemba 2024

Wakuu, habari za asubuhi. Kesho kijana anatangaza chuo atakachochezea kikapu, kwenye kipindi cha Stephen A. Smith pale ESPN. Zimebaki timu nne: BYU (Brigham Young University ya Utah), Kansas, North Carolina na Alabama.

Kwa wasiomfahamu, AJ Dybantsa ni fowadi wa futi 6 na inchi 9, kijana wa Brockton, Massachusetts. Baba Mkongo, mama Mjamaika. Kwa sasa yuko shule ya sekondari ya Utah Prep. Kwenye orodha za wahitimu wa sekondari wa 2025 wengi wanamweka namba moja, akikabana koo na Darryn Peterson na Cameron Boozer. NBA wanamsubiri kwenye drafti ya 2026, pale timu zinapochagua vijana wapya kwa zamu, kwa hiyo chuoni ni mwaka mmoja na kwaheri. Ndiyo maana naomba tuachane na hadithi za mabango ya ubingwa na uzuri wa jengo. Kwa mtu wa msimu mmoja, nauliza kocha gani atamtuma NBA akiwa ameiva.

Langu ni BYU. Kocha wao Kevin Young ametoka benchi la Phoenix Suns ya NBA mwaka huu huu, na huko alikuwa akimfundisha Kevin Durant, ambaye AJ anamhusudu tangu utotoni. Mtazameni kijana anavyocheza: anapokea mpira pembeni, kwenye kona ya mstari wa mitupo huru, dribo mbili, anasimama ghafla na kurusha juu ya mkono wa mlinzi. Ni Durant mtupu. Nani mwingine katika hao wanne aliyekaa na Durant kila siku akimwona anavyoufanyia kazi mtupo ule ule?

Nafasi ya pili Kansas, ya tatu Alabama. North Carolina nawapa pole.

Kisura_wa_Kikapu (Nairobi)

Mzee wangu, heshima yako, lakini umeruka Kansas haraka sana. Kocha wao Bill Self ana mataji mawili, 2008 na 2022. BYU haijawahi kufika hata nusu fainali ya NCAA, mashindano ya vyuo vya Marekani. Ukienda Allen Fieldhouse, uwanja wa Kansas, unacheza mbele ya watu zaidi ya 15,000 kila mechi, kwenye timu iliyoanzishwa na James Naismith mwenyewe aliyebuni mchezo huu. Hilo si bango, ni presha. Kijana wa miaka 17 anahitaji kuizoea presha kabla hajaikuta Madison Square Garden.

Toka_Benchi (Tanga)

Presha ipi dada? Kansas walikuwa namba moja nchini, Jumatano wakapigwa na Creighton, jana wakapigwa na Missouri. Hiyo presha imeanza kuwazoea wao.

Kisura_wa_Kikapu (Nairobi)

Desemba haina bingwa, kaka. Tuonane Machi.

MzeeWaPembeni (Mwanza)

Dada Kisura, tatizo langu na Kansas si Self. Ni Darryn Peterson, aliyeshasema tangu 1 Novemba kwamba anaenda huko. Peterson anataka mpira mkononi, na AJ anataka mpira mkononi. Mafahali wawili hawakai zizi moja.

Kisura_wa_Kikapu (Nairobi)

Walikaa. Msimu wa 2013-14 Kansas ilikuwa na Andrew Wiggins na Joel Embiid, wote mwaka wa kwanza. Drafti ikaja, Wiggins wa kwanza, Embiid wa tatu. Hakuna aliyemla mwenzake.

Kipanga_Upanga (Dar)

Naomba kuchangia hapo. Embiid ni senta, Wiggins wa pembeni. Mmoja alikula chini ya kikapu, mwingine akala nje. Peterson na Dybantsa wote wanaanzia sehemu ile ile, futi 20 kutoka kikapuni, mpira mkononi. Halafu kumbuka msimu ule uliishaje: Embiid akaumia mgongo, Stanford wakawatoa raundi ya pili. Lakini kwa hoja ya Mzee hilo halina uzito, maana drafti haikuwaadhibu.

Mimi kidogo nasimama na Alabama na sijui kwa nini mnawadharau. Brandon Miller alikaa pale mwaka mmoja akachukuliwa wa pili 2023. Mwaka huu wamecheza nusu fainali, wakatolewa na UConn (Chuo Kikuu cha Connecticut) walioishia kuwa mabingwa. Kocha wao Nate Oats anataka mbio na mitupo ya pointi tatu, ile ya katikati, ya umbali wa kati, haipendi kabisa. Alhamisi alfajiri nilikuwa macho wanacheza na North Carolina pale Chapel Hill. 94-79. Wageni walikuwa wakikimbia kama ndio wenye uwanja, na kila North Carolina wakijaribu kupoza mpira, Mark Sears wa Alabama anausukuma tena mbele.

MzeeWaPembeni (Mwanza)

Umejijibu mwenyewe Kipanga. Kocha asiyependa mitupo ya katikati utampelekeaje kijana ambaye chakula chake ni mitupo ya katikati?

Kipanga_Upanga (Dar)

Ndiyo hasa ningempeleka! Akirudi anarusha pointi tatu vizuri, NBA nzima inamkimbilia. Anachokijua tayari hahitaji kufundishwa. Kwako wewe kocha mzuri ni yule anayekubaliana na mchezaji. Kwangu ni yule anayemkera kidogo.

Toka_Benchi (Tanga)

Kipanga leo kaamka vizuri.

Mswahili_wa_Minnesota

Salaam ndugu zangu. Nimewasoma, mnazungumza mpira mtupu, kumbe nusu ya jambo hili ni fedha. Tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura zao. Aprili mwaka huu sheria ya uhamisho nayo ikalegezwa, mchezaji anahama na kucheza papo hapo bila kukaa nje msimu. Na kuna makubaliano ya kesi ya House, ambayo wanamichezo wa vyuo waliishtaki NCAA, yanayosubiri idhini ya mwisho ya mahakama. Yakipita, kuanzia Julai 2025 chuo chenyewe kitagawa mapato kwa wanamichezo, kiwango cha juu kinachotajwa ni zaidi ya dola milioni 20 kwa chuo kwa mwaka, michezo yote kwa pamoja.

Sasa angalieni hao wanne. Alabama ni nchi ya mpira wa Kimarekani, hapo mgao mkubwa utaenda kule kwanza. Kansas na North Carolina kikapu ndiyo dini. BYU wana watu wazito nyuma yao: Ryan Smith, mwenye Utah Jazz, alisoma pale, na Danny Ainge pia. Mimi huku nasikia watu wakitaja mamilioni ya kila namna, sitayarudia kwa sababu hakuna aliyeona mkataba. Lakini BYU kuingia mbio hizi na Kansas si bahati.

MutotoWaBukavu

Bandugu, nisaidie kitu kimoja kwanza. Baba ya AJ ni wa Brazzaville, si wa huku kwetu. Kuna mto katikati, na ni mto mkubwa. Wa kwetu ni Jonathan Kuminga, mtoto wa Goma. Yeye 2020 Duke na Kentucky walimtaka, akawaacha wote akaenda G League Ignite, timu ya vijana ya ligi ndogo ya NBA, kulipwa, akachukuliwa wa saba 2021 na Golden State. Wakati ule ilikuwa akili nzuri, sababu chuoni hakukuwa na fedha halali. Leo Ignite imeshafungwa. Fedha za jina na sura ndizo ziliua ile timu, kila mtoto alirudi chuoni.

Wa kwetu wa pili ni Oscar Tshiebwe wa Lubumbashi. Alianzia West Virginia, akahamia Kentucky, 2022 akawa mchezaji bora wa vyuo vyote Marekani, ribaundi zaidi ya 15 kila mechi. Lakini alikuwa na viza ya mwanafunzi, na ile viza haikupi ruhusa ya kufanya kazi hivi hivi. Alifanyaje? Timu iliposafiri kwenda Bahamas kucheza mechi za Agosti, akamalizia mikataba yake kule, nje ya ardhi ya Marekani. Wenzake walipumzika baharini, yeye anapiga picha za matangazo.

Kisura_wa_Kikapu (Nairobi)

Hiyo ya Bahamas imenifungua macho. Nina mpwa anafanya mazoezi ya kufa mtu hapa Nairobi na ameshaanza kupiga hesabu za dola. Kwa hiyo Khaman Maluach pale Duke yuko kwenye kamba hiyo hiyo?

Mswahili_wa_Minnesota

Ndiyo dada. Maluach ni Msudan Kusini aliyekulia Kampala, akapitia NBA Academy kule Saly, Senegal. Mwanafunzi mgeni anatakiwa awe na mwanasheria kabla ya kugusa mkataba wowote, maana akikosea anaweza kupoteza viza, na viza ikienda mpira nao umekwenda. Dybantsa kazaliwa Marekani, anasaini chochote jikoni kwao. Ndiyo maana tusiwalinganishe. AJ anaweza kuweka fedha na kocha kwenye mizani moja. Maluach alikuwa na kocha na njia tu, na njia ya Duke ilishapitiwa na Luol Deng, mwaka mmoja pale, wa saba kwenye drafti ya 2004. Leo Deng ndiye rais wa shirikisho lao la kikapu. Mwambie mpwa asome kwanza, dola zina masharti.

Toka_Benchi (Tanga)

Mbona hakuna anayeitetea North Carolina? Chuo cha Michael Jordan jamani, mataji sita!

Kipanga_Upanga (Dar)

Nassir Little. Alifika pale 2018 akiwa kati ya vijana watano bora nchini, akatokea benchi msimu mzima, akachukuliwa wa 25. Wakala yeyote anamkumbusha baba wa mchezaji jina hilo.

Toka_Benchi (Tanga)

Na Marvin Williams je? Naye alitokea benchi pale pale, wakabeba taji 2005, akachukuliwa wa pili, mbele ya Chris Paul. Benchi halimuui mtu. Naongea kwa uzoefu.

Kipanga_Upanga (Dar)

😂 Sawa, nimekubali nusu. Ila kocha wa wakati ule, Roy Williams, alishastaafu, na Hubert Davis aliyemrithi msimu huu hajatulia.

Kwa kuwa tumefika kwenye drafti, mmenikumbusha Hasheem Thabeet wetu. Kijana wa Makongo, UConn ya Jim Calhoun ikamchukua 2006 akiwa bado anajifunza kusimama vizuri chini ya kikapu. Akakaa miaka mitatu. Mwaka wa mwisho anazuia mitupo zaidi ya minne kila mechi, wamefika nusu fainali, na Memphis wakamchukua wa pili 2009, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Chuo kilifanya kazi yake yote. Balaa ni kwamba Memphis tayari walikuwa na Marc Gasol nafasi ile ile. Kwa hiyo Mzee, hata huyo kocha wako wa Durant, nguvu yake inaishia usiku wa drafti.

MzeeWaPembeni (Mwanza)

Kweli, lakini Hasheem alihitaji muda na aliupata. AJ hana muda, ana miezi mitano ya mechi. Ndiyo maana nashikilia mtu aliyetoka NBA juzi. Tena angalia BYU sasa hivi: Egor Demin, Mrusi, anapewa mpira aendeshe timu akiwa mwaka wa kwanza. Mwaka ujao Demin hayupo, funguo zitakuwa mezani.

Kisura_wa_Kikapu (Nairobi)

Mnasahau kwamba BYU ni chuo cha kanisa la Mormoni na kina sheria zake. Pombe hakuna, sigara hakuna, ndevu hakuna, mapenzi kabla ya ndoa hakuna. Na si maneno ya karatasi: Machi 2011 walikuwa wa tatu nchini, wakati wa Jimmer Fredette, wakamsimamisha mchezaji wao muhimu wa ndani kwa kuvunja maadili ya chuo, katikati ya msimu mzuri kuliko wote! Wakaishia kutolewa na Florida kwenye 16 bora. Mchezaji nyota wa Kansas hawezi kukutwa na hilo.

Toka_Benchi (Tanga)

Ngoja, kahawa na chai je?

Kisura_wa_Kikapu (Nairobi)

Hazitakiwi.

Toka_Benchi (Tanga)

Basi naondoa kura yangu. Hata ya rangi?

MutotoWaBukavu

Mutoto ya Utah Prep ameshazoea, dada. Hurricane iliko Utah Prep na Provo iliko BYU ni jimbo moja, mwendo wa saa kama nne kwa gari. Baba yake anasimamia kila kitu kwa karibu, unafikiri hajasoma zile sheria? Mimi nasema BYU, lakini moyo unataka Kansas, sababu nataka kumuona na Peterson.

---

Kisura_wa_Kikapu (Nairobi), Jumanne 10 Desemba, jioni

BYU. Ameshasema. Anataka NBA na anaamini watu wa Kevin Young watamfikisha, na Durant ametajwa. Mzee wangu, umepatia, soda yako ipo, nitakutumia kwa simu. Lakini Kansas na Peterson watawafunga Provo, andika mahali.

Kipanga_Upanga (Dar)

Hongera Mzee. Bado nasema asiporekebisha pointi tatu, mwakani Boozer atampita. Nimeona Duke tayari wana Cameron na pacha wake Cayden kwenye orodha ya mwakani, na kocha wao Jon Scheyer hana haraka na mtu.

Mswahili_wa_Minnesota

Huku kazini mjadala ni kama BYU imenunua au imeshawishi. Nadhani vyote viwili, na sioni ubaya. Miaka yote watu walilipwa gizani. Kinachonivutia ni kwamba chuo ambacho hakijafika nusu fainali kimewashinda Kansas na North Carolina kwa kijana namba moja. Miaka mitano iliyopita hilo lisingewezekana.

MzeeWaPembeni (Mwanza)

Ahsanteni wakuu. Sina la kuongeza ila moja: wanaojua ratiba, mechi za BYU nyumbani zinaanza saa ngapi kwa saa zetu?

Mswahili_wa_Minnesota

Nyingi saa moja jioni ya Utah. Kwenu ni saa kumi na moja alfajiri.

Toka_Benchi (Tanga)

Na chai mkononi.