Sataranji ya Timur: kuingia katika husuni ya mpinzani ni ushindi?

Kete_Moja:
Ndugu zangu, salamu. Mimi na shemeji yangu tumechora kwenye kadibodi ubao wa sataranji kubwa, ile ambayo mwanahistoria Ibn Arabshah, aliyechukuliwa Dameski akiwa mtoto na kupelekwa Samarkand, anasimulia kwamba mtawala Timur aliipenda. Una safu 10 za nyumba 11, na husuni mbili, yaani nyumba za ziada zinazochomoza pembeni, moja ya kila mchezaji. Jana, nikiwa nimebakiwa na ngamia mmoja tu, mfalme wangu alikimbilia husuni ya shemeji, nikadai nimeshinda, yeye akakataa. Nani ana haki? Na twiga huendaje? Kila tukimsogeza tunabishana.

Safu_ya_Kumi:
Ndugu, hukushinda, wala shemeji hakushinda: mfalme akiingia katika husuni ya mpinzani, mchezo huisha kwa sare. Kwangu hii ndiyo kanuni nzuri kuliko zote za mchezo huu, kwa sababu aliyezidiwa hubaki na tumaini hadi mwisho, na mwenye nguvu analazimika kuulinda mlango wake mapema.

Mwana_Sataranji:
Twiga huanza kwa hatua moja ya mshazari, kisha hunyooka nyumba tatu au zaidi. Tuseme amesimama f2 (herufi ni mstari wa wima, namba ni safu): hupita g3, g4 na g5, na mahali pa kwanza anapoweza kutua upande huo ni g6. Haruki, kwa hiyo kete yoyote iliyo kati ya hizo tatu humzuia. Anayeruka ni ngamia, ambaye kutoka f2 hutua g5 au e5 hata njia ikiwa imejaa. Ukiupaka ubao rangi mbili, utaona haondoki kamwe kwenye rangi aliyoanzia.

Kete_Moja:
Nawashukuru sana, tutaandika sare. Vitunda vyetu 11, yaani askari wadogo wa mbele, ni vifuniko vya soda vinavyofanana. Je, kuna ubaya?

Safu_ya_Kumi:
Upo, tena mkubwa. Kila kitunda, isipokuwa kimoja, ni cha kete yake, na kikifika safu ya mwisho hugeuka kete hiyo: cha twiga huwa twiga, cha ngamia huwa ngamia, na cha mfalme huwa mwana wa mfalme, ambaye mpinzani hana budi kumkamata yeye au baba yake kabla ya kumfunga asiweze kutoroka yule atakayebaki. Viandikeni herufi kwa kalamu ya wino kabla ya mchezo wa leo.