Bingwa wa Wimbledon aliyerudi kwenye mechi za mchujo: Frederik Nielsen alikosea?

mzazi_nyali
Hamjambo wapenzi wa tenisi. Kijana wangu ana miaka 15 na ameniambia anataka tenisi iwe kazi yake. Mwalimu wake amemtolea mfano wa Mdenmark Frederik Nielsen, bingwa wa Wimbledon 2012, ambaye kwa mchezo wa mmoja mmoja hakuwahi kupanda zaidi ya nambari 190 duniani. Sijaelewa. Bingwa anakuwaje wa 190? Tena nasikia baada ya kombe aliachana na mwenzake ili ahangaike peke yake. Mbona mtu aipige teke riziki yake?

fundi_nyuzi
Dada, hapo pa viwango wengi huchanganyikiwa. ATP, chama cha tenisi ya kulipwa ya wanaume, ina orodha mbili: ya mmoja mmoja na ya wawili wawili. Pointi za huku hazihesabiwi kule hata moja. Nielsen alichukua kombe la wawili wawili akiwa na Mwingereza Jonathan Marray, na waliingia kwa nafasi ya mwaliko, kwa sababu viwango vyao havikutosha. Walishinda mechi sita. Nusu fainali wakawatoa ndugu wawili, Bob na Mike Bryan, na Jumamosi ya tarehe 7 Julai wakawapiga Lindstedt na Tecău kwa seti tano. Kabla yao hakuna jozi ya waalikwa iliyowahi kutwaa kombe hilo la wanaume.

Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Copenhagen, kazi yangu ni kufunga nyuzi za raketi. Fainali ile niliitazama nikiwa na raketi ya mteja kwenye mashine, nyuzi 16 za wima zimekwisha, 19 za kulala sijazigusa. Ilikaa hivyo hadi mechi ikaisha. Wadenmark wenye umri walikuwa wanalia, na sababu wanaijua: babu yake, Kurt Nielsen, alicheza fainali ya Wimbledon mwaka 1953 na 1955, zote akashindwa. Mzee alifariki 2011. Mwaka mmoja tu baadaye, mjukuu akainua kombe.

kocha_nakuru
Historia nzuri, fundi, lakini mama ameuliza habari ya riziki. Zawadi ya mabingwa ilikuwa pauni 260,000 kwa jozi, yaani 130,000 kila mmoja. Novemba wakaenda mashindano ya jozi nane bora kule London, wakafika nusu fainali. Aprili 2013 Nielsen alikuwa nambari 17 kwa wawili wawili. Halafu Wimbledon ya 2013 hawakutetea taji pamoja, kwa kuwa yeye alitaka kufukuzia mchezo wa mmoja mmoja. Mwanafunzi wangu akifanya hivyo nitamketisha chini tuzungumze.

fundi_nyuzi
Mwalimu, hesabu yako ni sahihi na bado nasimama na Nielsen. Kwanza mama aelewe 190 ni nini. Wimbledon ya mmoja mmoja ina nafasi 128. Mtu wa 190 hupelekwa kwenye mchujo, ashinde mechi tatu ndipo aingie. Wiki nyingine zote yuko kwenye mashindano ya ngazi za chini, Challenger na yale ya chini zaidi yaliyokuwa yakiitwa Futures, nauli yake, hoteli yake, kocha akimpata analipa mwenyewe. Hata nyuzi: wachezaji wa ngazi hiyo huniletea roli yao ya mita 200, wanaijua itatoa raketi kama 16, wanazihesabu moja moja. Mwingine hukata nyuzi zilizolegea yeye mwenyewe mlangoni ili aokoe dakika.

Nielsen alikuwa na umri wa miaka 28 siku ya kombe. Kwa mwili wa mcheza tenisi, miaka ya kujaribu ilikuwa inayoyoma. Kwa wawili wawili angeweza kungoja, na kweli mlango haukufungwa: 2018, akiwa na miaka 34, alifika tena nusu fainali ya Wimbledon, safari hii na Joe Salisbury. Baadaye akawa nahodha wa Denmark katika Davis Cup, mashindano ya timu za mataifa. Huyo mtu hakuipiga teke riziki. Alitaka kujua mwisho wa uwezo wake angali na miguu.

mzazi_nyali
Ahsanteni sana. Fundi, nimemsomea kijana hapo pa roli ya nyuzi, akaenda kuhesabu raketi zake. Sasa nimwambie afanye mazoezi gani?

fundi_nyuzi
Asiache kucheza wawili wawili, dada. Watoto wengi hukaa mstari wa nyuma wanapiga mipira mirefu saa nzima. Atafute fainali ya 2012, amtazame yule aliyesimama karibu na wavu mwenzake anapoanzisha: mkono nyuma ya mgongo, vidole vinamwambia mwenzake ataenda upande gani. Mpira ukirudi, ameshaondoka. Amwombe mwalimu ampe nusu saa ya hilo kila siku, na anitumie aina ya raketi yake nimwambie nyuzi azikaze kilo ngapi.