Eti beki wa pembeni ni "mtu wa kurusha mipira"?? Yule jamaa wa redioni leo kavuka mpaka

Mwana wa Msamvu:

Wakuu poleni na majukumu, mimi leo sijafanya kazi yoyote toka asubuhi, nina hasira mpaka kichwa kinagonga.

Simtaji. Mnamjua. Yule yule wa asubuhi, kila sentensi anaanza na "ukiutazama mpira kisayansi", yule ambaye hata wewe usiyefuatilia mpira ushamsikia kwenye daladala ukatamani kushuka kabla ya kituo. Leo mada ilikuwa Shomari Kapombe, beki wa kulia wa Simba, umri wake, eti Simba imuache lini. Sawa, mada halali, mtu wa 1992 lazima azungumzwe, sina ugomvi hapo. Mwenzake akamwambia lakini huyu bwana amefanya makubwa. Jamaa akacheka. Kile kicheko chake cha puani. Halafu akasema: "Makubwa gani? Beki wa pembeni ni mtu wa kurusha mipira tu, ukishindwa kuwa winga wanakupeleka pale."

Halafu akapiga funda la chai.

Wakuu, funda tumelisikia. Studio kimya, daladala kimya, konda kaacha kudai nauli, unasikia chai inavyoshuka kooni kwa mtu ambaye ametoka kumfuta binadamu mwenzake na miaka yake yote ya jasho. Srruuup. Hata haraka hana.

MTU WA KURUSHA MIPIRA.

Huyo bwana aliwahi kukaa jukwaa la upande akatazama beki mbili, yaani beki wa kulia, anafanya nini? Unapanda kuovalapu, yaani kumpita winga wako kwa nje, winga huyo anajifanya Messi anapoteza mpira, winga wao ashakuwa mgongoni kwako na nafasi uliyoiacha inatosha kujengwa shule ya msingi na uwanja wake wa paredi. Unarudi mbio uwanja mzima, unafika pumzi hamna, unateleza unautoa mpira, uwanja unakuzomea kwa nini umetoa kona. Kona haijapigwa kocha anakufokea PANDA! Unapanda. Krosi ikiwa nzuri mshambuliaji anafunga anakimbilia kibendera peke yake, ikiwa mbaya jina lako linaimbwa mpaka Mwanza. Hiyo ndiyo kazi, kila wiki, miaka na miaka, na hao mawinga hawarudi kukusaidia kukaba hata uwaite kwa spika za msikitini.

Na huyu tunayemsema sasa. Katoka Morogoro, Simba wamemchukua 2011, kati anacheza, kiungo anacheza, pembeni anacheza, popote unapomuweka hakuulizi kwa nini. 2013 kaenda Ufaransa, AS Cannes, klabu ambayo Zidane ndiyo alianzia ukubwani. Karudi 2014 Azam, 2015 Azam wakabeba Kombe la Kagame bila kuruhusu bao hata moja mashindano mazima, kulia alikuwa nani? 2017 karudi Msimbazi, yaani Simba, ubingwa ukafuatana mara nne. Katikati hapo 2018 kaumia vibaya mguu kambini na Taifa Stars kule Afrika Kusini, AFCON ya 2019 Misri ambayo nchi nzima tuliisubiri toka 1980 kaiangalia kwenye tivii. Kwenye tivii! Mtu aliyeumia akiitumikia hiyo hiyo timu ya taifa. Wengine wangeacha mpira wakafungua duka la simu. Yeye karudi, na Aprili 2022 Orlando Pirates wako kwa Mkapa robo fainali, penati imepatikana, roho za watu elfu sitini ziko mdomoni, nani kauchukua mpira akauweka kwenye nukta? Mtu wa kurusha mipira. Kafunga, 1-0.

Halafu jamaa anakunywa chai.

Na CHAN ya Agosti 2025, ile ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, tusisahau, maana tumesahau haraka sana. Mechi ya kwanza na Burkina Faso, bao la pili kafunga Tshabalala, beki tatu, yaani beki wa kushoto. Mechi ya pili na Mauritania tumebanwa, dakika ya 89, watu washaanza kushuka ngazi kuwahi magari ya Mbagala, mpira unaingia kwenye boksi, washambuliaji wote wamezibwa, anatokea mzee wa miaka 33 kutoka beki mbili. Beki mbili! Dakika ya 89 anafanya nini kwenye boksi la watu, si angekaa nyuma asubiri mipira ya kurusha? Nilimkumbatia mtu nisiyemjua, tukaanguka wote kwenye ngazi.

Basi huyo ndiye aliyefanyiwa kicheko cha puani. Mimi redio ile nimeifuta, na mkinikuta naisikiliza tena mnipige.

---

Kitukuu cha Msimbazi:

Mkuu uzi wako ni mrefu kuliko mkataba wa Kapombe mwenyewe.

---

Nyuma Mwiko:

Kolo mwingine huyo wa Simba analia. Jamaa kakosea wapi sasa? Mipira anairusha vizuri sana, inafika.

---

Mwana wa Msamvu:

Wewe chura wa Yanga ndiyo usiongee kabisa! Tshabalala alitua Msimbazi 2014 kutoka Kagera Sugar, miaka kumi na moja pale, nahodha, mkamfuata nyinyi. Kama beki wa pembeni ni mtu wa kurusha mipira mlimfuata wa nini, huko kwenu Jangwani hakuna wa kurusha?

---

Nyuma Mwiko:

Nani kamfuata. Nahodha wenu kavuka barabara kwa miguu yake, Msimbazi na Jangwani ni jirani hata nauli hadai. Muulizeni yeye alichoka nini.

---

Kitukuu cha Msimbazi:

Hapo umenigusa pabaya aisee. Tangu siku ile mimi mke wangu ananiambia nimepungua.

---

Mama Swaumu:

Samahanini wapendwa, nimeona mmeandika beki tatu nikafungua mbio, nikajua mnaongelea dada wa kazi. Mwenzenu wangu kaondoka toka Jumapili, kaniambia anaenda kusuka mara moja tu, mpaka leo hajarudi, simu haipatikani na chaja yangu kaenda nayo. Mwenye kumjua binti mwaminifu anisaidie, nina mtoto wa miezi saba.

---

Mwana wa Msamvu:

Dada yangu pole ila hapa tunaongea mpira.

---

Mama Swaumu:

Na mimi nimepotelewa na beki tatu kaka yangu, tofauti yetu nini?

---

Mzee wa Shamba la Bibi:

Vijana mnahesabu mpira kuanzia 2011. Sisi tuliomuona Shadrack Nsajigwa tunawatazama tu. Beki mbili kweli kweli, akikukaba unaomba utolewe mwenyewe. Alikuwepo kwenye kikosi cha kocha Maximo, Taifa Stars, CHAN ya kwanza 2009 kule Ivory Coast, tukawapiga wenyeji 1-0 bao la Ngassa, nyinyi wakati huo mnacheza kombolela. Na hakuna aliyekuwa anaovalapu ovalapu, beki kazi yake kukaba, siku hizi mtu anapanda mbio anarudi anatembea kama anasindikiza harusi.

---

Krosi Haijafika:

Mzee nakuheshimu ila mpira wa kukaa nyuma umekwisha. Cafu kacheza fainali tatu za Kombe la Dunia mfululizo, 1994, 1998 na 2002, na hiyo ya mwisho kalibeba kombe yeye kama nahodha. Lahm 2014 nahodha, kombe. Hakimi juzi 2025 mchezaji bora wa Afrika, beki hajawahi kuipata tuzo ile toka Bwanga Tshimen wa Zaire 1973. Na fainali ya Ulaya mwaka huo huo PSG wanaipiga Inter tano, bao la kwanza nani kafunga? Hakimi. Beki mbili ndani ya sita pale kama mshambuliaji.

---

Mwana wa Msamvu:

ASANTE. Mtu mmoja mwenye akili humu ndani. Hakimi naye ni mtu wa kurusha mipira? Nenda kamwambie Rabat uone kama utatoka. Wakuu kuna mtu kanitumia klipu, nimeisikiliza tena, na safari hii nimegundua baada ya lile funda KAWEKA KIKOMBE MEZANI, unasikia kabisa ko! Yaani kamaliza. Kwake yeye ile hoja imefungwa, Kapombe kafungwa, mabeki wa pembeni wote duniani wamefungwa kwa kikombe cha chai.

---

Tozi wa Temeke:

Mkuu ilikuwa ya rangi au ya maziwa?

---

Kitukuu cha Msimbazi:

Funda la namna hiyo ni maziwa. Ya rangi haina mlio.

---

Msee wa Kasarani:

Wabongo mnapenda kulia wueh. Sisi huku Eric Ouma tunamuita Marcelo, kijana ametoka hapa mtaani amecheza mpaka AIK kule Sweden, left back, na bado msee kwa matatu atakuambia Harambee Stars yetu ya Kenya haina mabeki. Sisi hatufungui uzi, tunanyamaza. Na by the way hao Morocco waliowatoa CHAN robo fainali kwenu nyumbani, sisi tuliwachapa hapa Kasarani tukiwa watu kumi. Kumi!

---

Nyuma Mwiko:

Na hao Madagascar waliowatoa nyinyi kwa penati hapo hapo Kasarani kwenu, sisi tulishawachapa 2-1, Mzize kaweka mbili. Kaa chini.

---

Msee wa Kasarani:

Penati si mpira. Dakika zote hawakutushinda.

---

Tozi wa Temeke:

Chukua hiyo kauli upeleke benki uone kama watakupa mkopo.

---

Nyuma Mwiko:

Siku moja nakubaliana na mtu wa Temeke.

---

Mikono ya Chuma:

Naomba niseme na mimi maana nimevumilia. Nyinyi mabeki mnazungumzwa angalau, hata kwa kutukanwa mnazungumzwa. Kipa nani anamkumbuka? Mimi nadaka ndondo huku Tandika, nikiokoa kumi mtu anasema washambuliaji wao wabovu, nikifungwa moja hata muuza mihogo hanisalimii. Wiki iliyopita beki wa pembeni, huyo huyo mnayemlilia humu, kanirudishia mpira mfupi mbele ya mshambuliaji, goli, na watu wamenizomea MIMI. Beki kasimama ameshika kiuno ananiangalia mimi kama nimemuibia. Fungueni uzi wa makipa.

---

Mzee wa Shamba la Bibi:

Zamani kipa alikuwa anaudaka mpira uliorudishwa hamna shida, hiyo sheria ya kumkataza wameileta 1992 ndiyo ikawaua.

---

Mikono ya Chuma:

Mzee Mungu akupe maisha marefu. Mimi nilikuwa sijazaliwa lakini inaniuma kama nilikuwepo.

---

Krosi Haijafika:

Tusubiri kwanza, mwenye uzi alikuwa na hoja, tusimtupe. Mtu kaitwa mrusha mipira.

---

Nyuma Mwiko:

Nani kaitwa?

---

Mwana wa Msamvu:

Jamani!! KAPOMBE! Kurusha mipira! Chai! Kikombe! Mbona mnanifanyia hivi, nimeandika yote kule juu, mnaongelea penati za Kenya na sheria ya 1992, yule bwana kesho saa tatu asubuhi yuko hewani tena na kicheko chake na hakuna hata mmoja humu atakayepiga simu studio. Mimi napiga. Nikishikwa naongea nanyooka, namuuliza swali moja tu, wewe ulishawahi kumkaba nani katika maisha yako.

---

Tozi wa Temeke:

Vocha unayo mkuu au tukuchangie?

---

Bi Mkubwa wa Ilala:

Mama Swaumu mpenzi bado unatafuta? Kuna binti wa shangazi yangu yuko Singida anataka kuja mjini, mtulivu, kupika anajua, mtoto anampenda. Ila sema kwanza unatoa shilingi ngapi.

---

Mama Swaumu:

Jamani asante Mungu akubariki. Natoa elfu themanini, anakula analala kwangu, na Jumapili anatoka.

---

Bi Mkubwa wa Ilala:

Elfu themanini na mtoto wa miezi saba juu? Shosti, yule hakwenda kusuka.

---

Mikono ya Chuma:

Elfu themanini hata kipa wa ndondo hadaki.

---

Mama Swaumu:

Na sabuni ya kuogea nilikuwa nampa, na vocha kila wiki, muulizeni popote alipo. Haya tisini, mwambie aje na kitambulisho cha NIDA.