Kundi la Ukoo wa Mzee Kombo: Fomu ya Idi

Idi Columbus: Shikamooni wakubwa. Kuna anayeielewa hii? Imekuja kwa posta, mara ya pili sasa. [picha]

Idi Columbus: Bahasha ina maandishi makubwa kwamba kujibu ni lazima kisheria. Jina langu halipo, wameandika tu mkazi wa nyumba na anwani. Ndani wanauliza kila aliyemo humu kama ni raia wa Marekani 😳

Shangazi Tanga: Marahaba mwanangu. Chana.

Abuu: 😂😂

Baba Mdogo Hamisi: Dada, karatasi ya sensa haichanwi. Mimi nilikuwa karani mwaka 1988 kule Handeni. Mtu akikukimbia asubuhi unamrudia jioni mpaka ahesabiwe.

Shangazi Tanga: Handeni hukuwa na mamlaka ya kumrudisha mtu kwao kwa ndege, Hamisi.

Idi Columbus: Ndiyo hofu yangu Shangazi. Halafu nakumbuka awamu ile ya kwanza ya Trump mahakama ililikataa hili swali. Limerudije? @Rehema wakili

Rehema: Shikamooni. Nilikuwa kwenye kikao. Kaka, hiyo uliyopokea si sensa. Soma juu kabisa: American Community Survey. Ni utafiti wa Ofisi ya Sensa, kila mwaka wanachagua kwa bahati nasibu anwani kama milioni 3.5, na uraia wanauliza humo miaka nenda rudi. Kesi ilihusu sensa yenyewe, ile ya kila miaka kumi inayomfikia kila mtu. Kwenye ile, mara ya mwisho kuulizia uraia nyumba zote ilikuwa 1950.

Idi Columbus: Kumbe. Kwa hiyo mahakama iliharamisha kwenye sensa tu?

Rehema: Haikuharamisha popote. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Machi 2018 Waziri wa Biashara, Wilbur Ross, ambaye Ofisi ya Sensa ilikuwa chini yake, alitangaza kwamba swali litaingia sensa ya 2020. Sababu aliyotoa: Wizara ya Sheria imeomba takwimu za kulindia haki ya jamii za wachache kupiga kura, chini ya sheria ya 1965. Jimbo la New York na mengine zaidi ya kumi wakaenda mahakamani. Nyaraka zilipotolewa ikaonekana Ross alikuwa analitaka swali tangu mapema 2017, na watu wake ndio waliozunguka kutafuta idara ya kuwaandikia barua ya maombi. Wakagonga huku wakakataliwa, wakagonga kule wakakataliwa, mwisho Wizara ya Sheria ikakubali.

Abuu: Yaani unajiandikia barua ya kujiomba 😂

Rehema: Ndivyo ilivyo. Jaji Furman wa New York akalizuia Januari 2019, hukumu ya kurasa 277. Majaji wa California na Maryland nao wakazuia. Ikapanda Mahakama ya Juu, na tarehe 27 Juni 2019 Jaji Mkuu Roberts akaandika hukumu, tano kwa nne. Akasema Katiba inaruhusu swali hilo kuulizwa, LAKINI sababu iliyoletwa ni ya kutunga, na majaji hawalazimiki kujifanya hawaoni kitu ambacho raia wa kawaida anakiona. Swali likarudishwa kwa waziri alete sababu ya kweli. Muda wa kuchapa fomu ulikuwa umeisha, na Julai Trump mwenyewe akaachana nalo.

Baba Mdogo Hamisi: Sasa mimi nauliza kama mzee. Hata sensa yetu inauliza uraia, sijaona mtu kwenda mahakamani. Serikali kutaka kujua wageni wake ni wangapi kuna ubaya gani?

Rehema: Swali zuri Baba Mdogo, na hata Roberts hakuona ubaya kwenye swali lenyewe. Ubaya uko kwenye anayeogopa. Wataalamu wa Ofisi ya Sensa walimwonya Ross kwamba nyumba zenye wasio raia zitaacha kujibu. Baadaye walikadiria mwitikio ungepungua kwa asilimia 5.8 katika nyumba hizo. Na kule viti 435 vya Baraza la Wawakilishi vinagawanywa kwa majimbo kwa idadi ya WATU, si ya raia. Katiba inasema hivyo. Wahamiaji wakijificha, jimbo lao linapoteza kiti na pesa za serikali.

Rehema: Kuonyesha ilivyo nyembamba: baada ya sensa hiyo ya 2020 New York ilipoteza kiti kimoja. Wangepatikana watu 89 zaidi, majimbo mengine yakibaki vilevile, wasingekipoteza.

Baba Mdogo Hamisi: 89?! Hao nawahesabu mimi kabla ya chai.

Rehema: Kuna na hii. Alikuwepo mtaalamu wa kuchora mipaka ya majimbo ya uchaguzi upande wa chama cha Republican, Thomas Hofeller. Alifariki 2018. Binti yake akakuta diski za kompyuta, ndani mna utafiti wa 2015 alioandika baba: mipaka ikichorwa kwa kuhesabu raia wa umri wa kupiga kura tu, watakaofaidi ni Republican na wazungu. Mawakili wa waliopinga swali wakaupeleka mahakamani wiki chache kabla ya hukumu.

Shangazi Tanga: Binti kamwaga siri za babake? Heh! Nimempenda.

Idi Columbus: Haya, tuache siasa. Nikijaza, hawawapi watu wa uhamiaji?

Rehema: Sheria ya sensa inakataza kumtambulisha mtu. Mfanyakazi akivujisha ni jela hadi miaka mitano. Fomu za sensa zenye majina zinafungwa miaka 72. Ila siwezi kukudanganya kaka, sheria zikiguswa na vita hulegea. Mwaka 1942 takwimu za sensa zilitumika kujua Wamarekani wenye asili ya Japani wanaishi mitaa gani kabla ya kuwapeleka kambini. Ndiyo maana watu wanaogopa, na siwalaumu.

Idi Columbus: Na yule mgeni wetu wa chumba cha chini naye

Idi Columbus: *Ujumbe huu umefutwa*

Shangazi Tanga: WE IDI. Humu kuna watu mia na kitu, wengine hata siwajui!

Rehema: Mambo ya nyumbani nipigie kaka. Nasema kwa jumla tu: fomu inataka kila aliyekaa au atakayekaa zaidi ya miezi miwili, na asiye na pengine pa kukaa. Kwenye uraia kuna kisanduku kimoja tu cha asiye raia. Mwenye kadi ya kijani, yaani ya ukaazi wa kudumu, anatia alama hapohapo, mwanafunzi hapohapo. Haiulizi kibali, haiulizi viza.

Baba Mdogo Hamisi: Na ya 2030?

Rehema: Vita bado. Januari 2025 Louisiana na majimbo mengine matatu walishtaki wakitaka wasio na vibali wasihesabiwe kwenye kugawa viti. Agosti Trump akasema ameagiza sensa mpya isiyowahesabu.

Idi Columbus: Nimeingia mtandaoni naanza kujaza. Wanauliza nyumba ina vyumba vingapi, na kama bomba linatoa maji ya moto 😂

Shangazi Tanga: Waambie shangazi yako Tanga hana hata ya baridi tangu Jumanne. Na mchango wa harusi ya Nasra sijauona, wewe na Abuu.