Nina leseni na miaka mitano barabarani, lakini mvua na kona bado vinanitisha: je, mafunzo ya juu ya pikipiki yatanisaidia?

Mgani_Usagara aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Wakubwa zangu, shikamooni.

Mimi ni afisa ugani, na kazi yangu hunizungusha katika vijiji vya Misungwi na, tangu daraja la Kigongo–Busisi la Ziwa Victoria lilipofunguliwa Juni 2025, hunivusha hadi upande wa Sengerema karibu kila wiki. Pikipiki ninayotumia ni ya cc 125, yenye breki za ngoma mbele na nyuma. Kuendesha nilifundishwa na kaka yangu kwa siku mbili katika uwanja wa shule ya msingi; baadaye nilipita chuo kimoja cha udereva, ambako tulitumia muda mwingi kukariri alama za barabarani na muda mchache sana juu ya pikipiki yenyewe. Leseni ninayo, na kwa miaka mitano nilijihesabu kuwa dereva mzoefu.

Mwezi Machi, asubuhi ya mvua, nilikuwa nikipita karibu na Mwaloni kule Kirumba, jijini Mwanza, mahali ambapo magari ya samaki hudondosha maji barabarani. Bajaji iliyokuwa mbele yangu ikasimama ghafla. Nilikanyaga breki ya mguu kwa nguvu zangu zote, tairi la nyuma likajifunga na kuacha kuzunguka, mkia ukageuka, nami nikajikuta chini. Namshukuru Mungu niliumia goti tu na kupoteza kioo kimoja cha pembeni. Hata hivyo, tangu siku hiyo lami ikilowa mwili wangu hukakamaa, kwenye kona hushika usukani kama mtu anayezama anayeng'ang'ania mtumbwi, na pale darajani upepo wa ziwa ukipiga kwa ubavu natamani kushuka na kuikokota pikipiki.

Nimesikia kwamba yapo mafunzo ya ngazi ya juu kwa watu ambao tayari wana leseni. Naomba kufahamu kama mafunzo hayo yanamfaa mtu wa kawaida kama mimi, au ni ya askari na washindani wa mbio. Ningependa pia kujua mwalimu mzuri anapaswa kunifundisha nini hasa, ili nisije nikalipa fedha na kurudi nyumbani na cheti tu.

FunguoKumiNaNne alijibu:

Pole sana, ndugu yangu. Nimefundisha udereva wa pikipiki kwa miaka mingi kabla ya kugeukia ufundi hapa Nyakato, na kisa chako nimekisikia kwa wanafunzi wengi kiasi kwamba ningeweza kukisimulia kabla hujakimaliza.

Haupo peke yako, wala jambo hili si la hapa kwetu tu. Mwaka 1981, Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California walitoa ripoti iliyotokana na kuchunguza kwa kina ajali zipatazo 900 za pikipiki katika eneo la Los Angeles. Waligundua kwamba asilimia 92 ya waendeshaji waliopata ajali walikuwa wamejifunza wenyewe au wamefundishwa na ndugu na marafiki. Kwamba wengi walikanyaga breki ya nyuma kupita kiasi na kuitumia kidogo mno ile ya mbele. Na kwamba, kwa kawaida, mwendeshaji alikuwa na muda usiofika sekunde 2 wa kujiokoa. Ndani ya sekunde 2 hakuna mtu anayefikiri. Mkono na mguu hufanya kile vilichozoea, na wewe mguu wako ulikuwa umezoea kukanyaga.

Ukishika breki, uzito mwingi hukimbilia mbele. Tairi la mbele hukandamizwa barabarani na kushika vizuri zaidi, huku la nyuma likibaki jepesi na kujifunga kwa urahisi. Kwa hiyo, kwenye lami kavu, kazi kubwa ya kusimamisha pikipiki hufanywa na breki ya mkono, ile ile ambayo vijana huonywa wasiiguse kwa sababu eti itawapindua. Kinachoangusha ni kuinyaka kwa pupa. Unatakiwa kuibana kwa hatua mbili: kwanza unaibana kidogo hadi shokapu za mbele zishuke, kisha unaongeza nguvu kadiri tairi linavyozidi kukandamizwa. Likijifunga, achia mara moja ubane upya. La nyuma ni tofauti: likijifunga na mkia ukawa umeshatoka pembeni, usiuachie mguu ghafla, kwa maana tairi likishika tena kwa kushtukia linaweza kukurusha upande wa pili, na kuanguka kwa namna hiyo ni kubaya kuliko kuteleza. Siku ya mvua utaratibu ni huu huu, ila kila kitu kifanywe mapema na kwa upole zaidi; na kwa breki zako za ngoma, ukishapita kwenye dimbwi zibane kidogo huku ukitembea ili zikauke.

Tafuta uwanja mgumu, mkavu na tambarare, uombe ruhusa, uanze na mwendo wa kilometa 20 kwa saa. Simama mara kumi, ishirini, hata thelathini, kisha panda hadi 30, halafu 40. Usipande kabla mkono haujatulia. Mwalimu ambaye hatakufanyisha zoezi hili hadi vidole vichoke, huyo anakuuzia cheti.

Kuhusu kona, unaposema unang'ang'ania usukani umeshajijibu. Pikipiki ikishapita mwendo wa kutembea kwa haraka, huielekezi kona kwa kuzungusha usukani kama wa baiskeli ya mtoto. Unasukuma mbele mkono wa upande unaotaka kwenda: ukisukuma wa kushoto, pikipiki inalalia kushoto na kuelekea kushoto. Wengi hufanya hivyo bila kujua, na ndiyo maana siku ya hatari hushindwa kufanya kwa kukusudia. Mikono iliyokakamaa husukuma pande zote mbili kwa pamoja, na pikipiki huenda moja kwa moja hadi mtaroni. Punguza mwendo kabla ya kona, bana tangi kwa magoti, legeza viwiko, kisha tazama unakotaka kutokea. Ukilikodolea macho shimo, utaingia shimoni.

Darajani tumia magoti na viwiko hivyo hivyo. Punguza mwendo, usiende ukingoni kabisa, na ujiandae pale lori linalokukinga upepo litakapokuacha, maana pigo la upepo hurudi kwa mkupuo.

Nimeandika mengi, mnisamehe. Mtu aliyewahi kushika chaki hajui kufupisha. Kwa swali la nani anayafaa mafunzo haya, ni mtu kama wewe hasa. Kule Uingereza chama cha Institute of Advanced Motorists kilianzishwa mwaka 1956 kwa ajili ya raia wa kawaida, ingawa mbinu zake zilitokana na shule za udereva za polisi. Kwa hapa Mwanza, anza kwa kuulizia VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, na vyuo vilivyosajiliwa, na kabla ya kulipa uliza mwalimu mmoja anashika wanafunzi wangapi, na kama atakufuata barabarani kwa pikipiki yake na kukusahihisha.

KijiweBuzuruga alijibu:

Mwalimu ameeleza vizuri, ila naomba nitofautiane naye kidogo kwa heshima. Nina miaka kumi na mmoja ya kubeba abiria kati ya Buzuruga, Igoma na Kisesa, na breki kali nimezihitaji mara chache kwa sababu hatari huiona ikiwa bado mbali. Daladala likiwasha taa ya kushoto, najua mlango utafunguka na mtu atatokea mbele yake. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi huogopwa kuliko ya tatu, kwa sababu mafuta na vumbi vya miezi mingi huelea juu ya lami. Reli iliyolowa ivuke ukiwa umeinyooshea tairi, usiikate kwa mshazari.

Ongezea na hili: ukibeba abiria au mfuko wa mbegu, zoezi la uwanjani ulilofanya ukiwa peke yako halitoshi. Rudia ukiwa na mzigo.

Zamu_ya_Usiku alijibu:

Mimi ni muuguzi, na nina neno moja la tahadhari. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2010 na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, hayakuweza kuthibitisha kwamba mafunzo ya waendeshaji pikipiki hupunguza ajali, kwa sababu tafiti zilizokuwepo zilikuwa dhaifu. Sisemi mafunzo hayafai. Ninachohofia ni mtu kutoka darasani akiwa na ujasiri uliozidi ustadi wake, kisha akaanza kwenda mbio. Katika mwendo wa kilometa 50 kwa saa, sekunde moja ya mshtuko hukupeleka karibu mita 14 kabla hujagusa breki, na hata kwenye lami kavu unahitaji kiasi kama hicho tena ili usimame. Kwa 80, jumla yake ni karibu mita 57, yaani maradufu, ingawa mwendo haukuongezeka mara mbili.

Kofia ngumu, kwa upande wake, ina ushahidi usio na utata: mapitio ya mwaka 2008 yalikadiria kwamba hupunguza hatari ya kifo kwa asilimia 42 na ya majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Nawe, ndugu Mgani, hukutuambia siku ile ulikuwa umeifunga mkanda au ulikuwa umeiweka tu kichwani.

FunguoKumiNaNne alijibu:

Dada yangu muuguzi, hapo sina ubishi. Nilikuwa na mwanafunzi aliyefaulu kila zoezi, na wiki iliyofuata akaja na pikipiki iliyopinda. Ndiyo maana wa Buzuruga namuunga mkono kuliko anavyodhani: siku za mwisho za mafunzo nilikuwa nawaamuru wanafunzi waseme kwa sauti kila wanachokiona mbele yao wakiwa wanaendesha, na aliyenyamaza nilijua haoni kitu.

Mgani_Usagara alijibu:

Nawashukuru nyote. Dada, nilikuwa nimeivaa bila kufunga mkanda, na ilibiringika peke yake hadi ukingo wa barabara. Mkanda wenyewe ulikuwa umekatika, na tayari nimenunua kofia nyingine.

Jumamosi tatu mfululizo nimekwenda katika uwanja wa shule kwa ruhusa ya mwalimu mkuu, nikiwa na chupa za maji nilizojaza mchanga kuwa alama. Siku ya kwanza tairi la nyuma lilijifunga karibu kila mara. Jumamosi iliyopita, kwa mwendo wa 30, nilisimama mara kumi na nane bila kuteleza, na mara mbili nikasahau mkono nikarudia mguu. Kilometa 40 bado sijajaribu. Kesho kutwa nina safari ya Sengerema, na nimepanga kuvuka asubuhi, kabla upepo wa ziwa haujapata nguvu.