Tupeane uzoefu: wazee wenu waliwaambia nini kuhusu mafuriko, maporomoko na radi?

#1 (mleta uzi)
Wakuu, habari za leo. Jambo hili limenikaa rohoni muda mrefu, naomba nilitue hapa.

Kijiji chetu ni kidogo. Hakuna kipimo cha mvua wala daftari lililoandikwa yaliyotupata. Kumbukumbu yetu ilikuwa babu. Kuhusu lile bonde lenye rutuba chini ya nyumba alikuwa akisema, "Pale ni kwa maji, yamesafiri tu." Alipofariki tuliendelea kulima, kisha kaka yangu akajenga. Wakati wa kuchimba msingi tulikuta mawe laini ya mviringo, chini yake udongo mweusi, chini yake tena mchanga. Tukafurahi kwamba mawe ya msingi tumeyapata papo hapo. Hakuna aliyejiuliza ni nini kilichoyasugua mawe yale na kuyafikisha pale.

Baada ya miaka 19 maji yakarudi, usiku wa manane. Tulianza kusikia mawe yakigongana, maji yenyewe tuliyasikia baadaye. Kwetu yalikuwa manyunyu tu, mvua kubwa ilinyesha huko juu milimani. Shemeji alitoka na mtoto mgongoni, kaka akamshika mama mkono, wakapanda gizani mpaka kwangu. Kulipopambazuka mchanga ulikuwa umefika usawa wa madirisha. Watu wote wako hai, namshukuru Mungu kila siku kwa hilo.

Nawaomba msimulie: kwenu kilitokea nini, dalili gani zilitangulia, na nani alikuwa anajua?

#2
Pole sana mkuu, na poleni wote nyumbani. Sisi tunakaa mlimani. Wiki nzima kabla ya poromoko, mlango wa nyumba ya bibi ulikuwa unakwama. Tukadhani mbao zimevimba kwa unyevu, kumbe nyumba ilikuwa inasogea. Juu ya shamba palikuwa na ufa mrefu wa kuingia vidole viwili. Chemchemi ambayo siku zote ni safi ikaanza kutoa tope.

Siku yenyewe mto ulipungua ghafla huku mvua inaendelea. Watoto wakashuka kuokota samaki. Bibi alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka, wakarudi. Yeye alijua kwamba mto ukipungua wakati wa mvua, kuna kitu kimeuziba huko juu, udongo au magogo, na kikiachia, maji yote yaliyojikusanya yanashuka kwa pamoja. Yalishuka watoto wakiwa wamefika uani.

Kama una ufa juu ya nyumba yako, usiufukie ukausahau. Piga vigingi viwili, kimoja kila upande, upime nafasi iliyo kati yake kila siku. Ikiongezeka, hama usiku huohuo na wenzako uwaambie. Wala usirudi kwa sababu mvua imekatika, maana maji bado yanazama udongoni na mlima waweza kuteremka jua likiwaka.

#3
Kwetu ni radi. Ng'ombe watano chini ya mti mmoja, pigo moja. Umeme ukishuka kwenye mti husambaa ardhini, na ng'ombe miguu yake ya mbele na ya nyuma iko mbali, kwa hiyo unaingilia huku na kutokea kule, unapita kwenye moyo. Mchungaji alinusurika kwa sababu alikuwa amekimbilia nyumba ya jirani.

Watoto wangu nawafundisha hivi: ukisikia ngurumo, tayari uko karibu vya kutosha kupigwa. Ingia ndani ya nyumba imara, usitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

#4
Nimefanya kazi ya kupima mito, naomba nigusie neno moja linaloua watu. Wataalamu wakisema "mafuriko ya miaka 100", watu huelewa kwamba yakija leo, wajukuu ndio watakaoyaona tena. Sivyo. Maana yake kila mwaka nafasi ni 1 kati ya 100, hata kama yalikuja mwaka jana. Anayeishi bondeni miaka 30 ana nafasi ya karibu robo ya kukutana nayo. Miaka 19 ya mleta uzi haikuwa ahadi ya chochote.

Na jamani, msivuke. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 60 hubeba magari mengi. Nimewahi kushika kamba tukimtafuta mtu aliyesema "nafika tu hapo ng'ambo".

#5
Nitofautiane nanyi kidogo. Wazee wetu walituonyesha jiwe: maji hayajawahi kupita hapa. Tukawatii, tukajenga juu ya jiwe. Lakini mlima waliotuachia ulikuwa na msitu, sisi tumeufyeka, ukaungua mara mbili. Maji yaliyokuwa yakizama ardhini sasa yanateremka yote. Jiwe lile yalilifunika. Wazee walisema kweli kuhusu mlima waliouona wao, sisi tukasahau kwamba tumeubadilisha.

#6 (mleta uzi)
#5, asante. Nimesoma mara mbili na sina cha kukupinga.

Hata hivyo bado naamini kusimuliana. Kuna kisiwa cha Simeulue huko Indonesia. Mwaka 1907 bahari iliwapanda, wakafa wengi. Waliobaki wakalipa jambo lile jina, smong, wakalitia katika nyimbo za kubembelezea watoto: ardhi ikitetemeka sana na bahari ikarudi nyuma, kimbilia mlimani. Tarehe 26 Desemba 2004 ardhi ikatetemeka. Watu walipiga kelele "smong!" wakapanda. Kisiwa chenye watu wapatao 78,000 kilipoteza watu 7, wakati pwani ya Aceh iliyo jirani walikufa kwa maelfu mengi.

Kwa hiyo nimenunua daftari, nimeanza na mama. Hakumbuki miaka, anakumbuka watoto: "Yale ya alipozaliwa dada yako", "yale ya nilipokuwa na mimba ya kwanza". Kwa kuhesabu umri wetu nimepata mafuriko matatu ambayo sikuwahi kuyasikia, mawili kati yake yalipita palepale kaka alipojenga. Naendelea na majirani, na kila nitakachopata nitakisoma kwenye mkutano wa kijiji pamoja na lile la #5 kuhusu msitu.

Kaka bado analitaka bonde, kwani udongo ulioachwa na mto ni mzuri sana. Tumekubaliana atalima kule na kulala huku juu. Shemeji ameshaanza kuchimba msingi, na safari hii tumekuta mwamba.